Naomba ushauri: ziara ya wanafunzi kwenye mchanga unaohama, Ngorongoro

Mwalimu wa Babati

Wakuu habarini. Nafundisha Jiografia sekondari huku Babati. Shule imekubali Kidato cha Tatu waende ziara ya masomo Ngorongoro, na mimi nimeomba kituo kikuu kiwe mchanga unaohama, lile tuta jeusi la upande wa Bonde la Olduvai. Wenzangu na baadhi ya wazazi wanataka watoto washushwe kreta wakaone simba na faru. Vyote viwili hatuviwezi, michango yenyewe inaingia kwa kusuasua.

Sababu yangu ni kwamba mada ya kazi ya upepo tunaimaliza ubaoni. Unachora mgongo mrefu upepo unakotokea, mteremko mkali upande wa pili na pembe mbili zilizotangulia mbele. Mwanafunzi anakariri mchoro na mtihani anafaulu. Muulize kwa nini pembe zinatangulia, kimya. Nataka wakasimame mbele ya kitu chenyewe.

Hofu yangu ni kwamba watashuka kwenye gari, watapiga picha, watapanda, basi. Mliowahi kupeleka wanafunzi pale, mlifanyaje wakajifunza? Na kreta niiache kweli?

Kipimapembe

Mwalimu, shikilia msimamo wako. Simba watawaona hata kwenye televisheni, lakini tuta linalohama wakalipime kwa mikono yao ni nafasi adimu.

Pale kuna alama zilizoandikwa miaka, zinaonyesha tuta lilikuwa wapi mwaka gani. Hapo ndipo somo lilipo. Beba tepu ndefu, ile ya kupimia uwanja wa michezo. Kundi moja lipime kutoka alama hadi ukingo wa tuta wa leo, wagawanye kwa miaka, wapate wastani. Kundi jingine lichukue alama nyingine. Majibu hayatalingana, na usikimbilie kuwasahihisha. Waache wabishane: mwaka wa upepo mkali na mwaka wa mvua nyingi ni sawa? Wakishamaliza ndipo uwaambie kwamba kadirio linalotajwa sana ni mita 17 hivi kwa mwaka kuelekea magharibi. Ukiwapa namba hiyo ndani ya basi, hakuna atakayehangaika na tepu.

Kuhusu pembe, wapeleke kwenye ncha yenyewe. Tuta katikati lina kimo cha mita 9 hivi, ila kwenye ncha mchanga ni kidogo, unaishia chini kabisa. Upepo uleule, mzigo mdogo, kwa hiyo ncha zinakimbia na katikati panabaki nyuma. Akiliona hilo mara moja, mchoro atauchora mwenyewe bila kukariri.

Dereva wa Karatu

Mkuu, mimi nasema ya barabarani. Kreta huwezi kushuka na basi, inatakiwa gari ya 4x4, na kila gari inayoshuka ina ada yake mbali na kiingilio. Kwa shule hiyo ni pesa nyingi. Kreta muione kutoka juu pale kituo cha kutazamia, mko njiani hata hivyo.

Laleni Karatu, shule nyingi za huku hupokea wageni kwenye mabweni ukiandika barua mapema. Asubuhi muwe lango la Loduare, lile la kuingilia hifadhi, likifunguliwa. Kumbukumbu namba ya malipo ichukue na ulipe kabla ya safari, usisubiri getini na watoto. Masweta ni lazima: ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 na ukungu wa asubuhi ni mzito. Mkishateremka upande wa Olduvai ni joto na vumbi tupu. Maji ya kutosha, na vyoo vitumieni vya makumbusho ya Olduvai kabla hamjaelekea kwenye tuta. Epuka Aprili na Mei, mvua zinaharibu njia.

Naserian

Mwalimu shikamoo. Mimi ni wa Ngorongoro. Mchanga ule mweusi ni majivu ya volkano yaliyotoka mlima Ol Doinyo Lengai, na kwetu Wamaasai ule ni Mlima wa Mungu. Naomba watoto waambiwe mapema, wakiwa bado darasani, kwamba wanakwenda mahali ambapo wenyeji wanapaheshimu. Wasipande juu ya tuta na wasibebe mchanga. Wakikuta mtu na mifugo, wasalimie kwanza, wasimpige picha bila kumwuliza. Mkipata mzee aliye tayari kuzungumza nao, mpeni nafasi. Atawaambia habari za upepo na malisho ambazo hazimo kwenye kitabu.

Mwalimu wa Babati

Marahaba Naserian, na asante sana. Hilo la kutopanda nitaliweka kwenye barua ya wazazi. Kipimapembe, nina mwanafunzi mwenye pumu. Vumbi la pale likoje? Halafu nimesikia mchanga ule unanata kwenye sumaku.

Kipimapembe

Unanata, una chembe za madini ya chuma. Tafuta sumaku za spika mbovu, mafundi redio wanazo. Zifunge kwa karatasi kabla ya kugusa mchanga, la sivyo utashinda unazikwangua. Mtoto akiisogeza, chembe nyeusi zinasimama wima juu ya karatasi kama nywele fupi. Akiivuta sumaku kutoka ndani ya karatasi, zinadondoka zote palepale, hakuna mchanga unaoondoka. Hapo waulize kwa nini mchanga huu hautawanyiki ovyo njiani.

Mwenye pumu abebe dawa yake mkononi, isikae kwenye begi lililo juu ya gari. Akae upande unakotoka upepo, awe na kitambaa cha kufunika pua, na umpe kazi ya kuandika vipimo. Mkiona mchanga umeanza kuruka usawa wa magoti, wote rudini nyuma.

Mwalimu wa Babati

Nimeelewa, kreta tutaitazama kutoka juu. Kesho nampelekea mkuu wa shule ratiba mpya na barua ya kuomba kibali kwa Afisa Elimu. Dereva wa Karatu, nakuja inbox kwa ajili ya mabweni.