Second Life: mgeni akitokea uchi ukumbini, ni utovu wa adabu au nguo hazijapakia?

mlezi_wa_baraza

Habari za humu wadau. Tunaandaa baraza la mazungumzo ya Kiswahili ndani ya Second Life, ile dunia ya mtandaoni. Kiwanja ni cha mita za mraba 4,096, kikao ni mara moja kwa wiki, watu 20 hadi 25. Wengi ni watu wazima wanaojifunza lugha wakiwa Ulaya na Marekani, na watakuja wenyeji wa Mombasa, Unguja na Muscat kuzungumza nao.

Kinachotuumiza kichwa ni mavazi. Wapo wanaosema avata (umbo la mtu mle ndani) ni mwanasesere, hana utupu wa kuonewa haya. Wapo pia waliokwisha kutuambia kwamba akiingia mtu uchi, wao wanatoka na hawarudi. Naomba wanaojua watusaidie: tukodi ardhi ya daraja gani, kanuni tuiandikeje, na mtu akitokea bila nguo msimamizi afanye nini? Na wale wanaokuja kwa umbo la mnyama au roboti, nao tuwadai nguo?

fundi_meshi

Mkuu, anza na ardhi, kwa sababu daraja ndilo linalosema uchi unaruhusiwa au la, kabla hata hujaandika kanuni yako. Kuna General, Moderate na Adult. General hairuhusu uchi hata kidogo, na ndiyo pekee wanayoweza kuingia wenye miaka 16 na 17. Moderate ni ya kumbi za muziki, maduka, fukwe za kawaida. Nguo za kubana na za kuonyesha mwili ni jambo la kila siku huko. Adult ni ya miaka 18 na kuendelea. Daraja ni la eneo zima, si la kiwanja chako peke yake, kwa hiyo mpangaji hawezi kulibadilisha. Simama pale kabla ya kulipa, utazame herufi iliyo juu ya skrini karibu na jina la mahali: G, M au A. Kwa baraza lenu ningechukua G bila kusita. Angalia pia idadi: eneo la aina ya Homestead hupokea avata 20 tu, na mtajikuta wageni wa mwisho wamefungiwa nje.

Sasa kuhusu huyo anayetokea uchi. Kabla ya kumhukumu, jua avata wa sasa ameundwaje. Mwili ni kitu kimoja cha meshi (umbo la 3D), gauni ni kitu kingine, nywele kingine, na kila kimoja hupakuliwa peke yake kwenye kompyuta ya anayetazama. Mwili ukitangulia kufika na gauni likachelewa, wewe unamwona uchi ilhali yeye kwenye skrini yake amevaa kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Mwenye intaneti ya kusuasua anaweza kumwona mwenzake hivyo kwa dakika nzima, na jirani yake asione kasoro yoyote.

Kosa la pili ni la mvaaji. Akibofya folda ya gauni jipya na kuchagua kubadilisha vazi lote badala ya kuongeza, programu inamvua kila kitu isipokuwa vilivyomo kwenye folda hiyo. Kadhalika, amri ya "Wear" huondoa kilichokuwa mahali palepale mwilini. "Add" huongeza juu yake. Wageni wengi hawajui tofauti hiyo, na wanaigundua mbele za watu.

La tatu ndilo gumu kulitambua. Kuna nguo za meshi, na kuna nguo za tabaka, zile zinazochorwa juu ya ngozi. Tangu Agosti 2019 miili ya meshi inaweza kupokea tabaka hizo moja kwa moja. Mtu mwenye mwili wa zamani usio na uwezo huo akivaa shati la tabaka, shati linachorwa kwenye ngozi iliyofichwa chini ya mwili wa meshi. Kwenye orodha yake limeandikwa limevaliwa. Machoni pa watu yuko uchi.

Dawa ya gauni kuchelewa ni moja, kwa wenye miili inayopokea tabaka, na ningeiweka mstari wa kwanza wa kadi ya maelezo: kila mtu avae chupi na fulana za tabaka chini ya nguo za meshi. Tabaka zote huchanganywa na ngozi kwenye seva na kuwa picha moja, kwa hiyo ngozi ikionekana na chupi imeonekana papo hapo. Gauni likichelewa, mtu amesitirika. Avata anaweza kubeba tabaka 60, hakuna atakayesema nafasi imemwishia.

Bi_Shufaa

Fundi ameeleza vizuri upande wa mitambo. Mimi niseme la adabu, maana hilo la "mwanasesere tu" linarudi kila mara na halisaidii.

Watu wa Second Life wamekuwa na kanuni za mavazi kwa muda mrefu (dunia hiyo ilifunguliwa Juni 2003), na kanuni hizo zinafuata mahali. Kwenye ufukwe wa wapenda uchi, mwenye nguo ndiye mkosaji: anaombwa azivue au aondoke, na papo hapo anayefanya vitendo vya ngono anafukuzwa, kwa sababu kwao uchi na ngono ni mambo mawili. Ukumbi wa dansi ya kizamani utakudai suti au gauni refu. Mwaka 2007 tovuti ya IslamOnline ilipoweka mfano wa Hija mle ndani, mahujaji walivaa ihramu. Mtu yuleyule anaweza kupita sehemu zote tatu kwa siku moja na asiwe amekosea popote. Kwa hiyo msibishane kama avata ana utupu au hana. Semeni tu kwamba hapa ni barazani, na barazani watu huja wamejisitiri.

Kanuni iwe ya kuonekana kwa macho. "Vaa kwa heshima" haitoshi, kwa sababu heshima ya Berlin si heshima ya Mji Mkongwe. Andikeni: kifua, tumbo na mapaja vifunikwe, nguo isiwe ya kuonyesha ndani, viungo vya uzazi visivaliwe kabisa, hata chini ya nguo. Hilo la mwisho lina sababu: viungo hivyo huuzwa kama vitu vya kuambatisha, na mara nyingi hupenya kwenye kitambaa mtu anapokaa. Msidai hijabu wala kofia; hili ni darasa, na aliyezoea kuvaa atavaa mwenyewe.

Wanyama na roboti: manyoya yahesabiwe kuwa nguo, mradi umbo halina viungo vya uzazi. Huo ndio msimamo wa sehemu nyingi, na paka anayevalishwa suruali kwa nguvu hatarudi.

Jambo moja la kuwa nalo makini. Watafiti Lomanowska na Guitton walipima ngozi inayoonekana kwa avata wa Second Life na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Avata wa kiume asilimia 71 walikuwa wamefunika robo tatu ya ngozi au zaidi. Wa kike ni asilimia 5 tu. Kati ya wa kike, asilimia 47 walifunika kati ya robo na nusu, na wa kiume waliofanya hivyo ni asilimia 9. Maana yake kwenu ni kwamba kanuni hii itawaangukia zaidi wenye avata wa kike. Msiwaambie "nenda kabadilishe" mkawaacha hivyo. Wapeni nguo mlangoni, bure.

mlezi_wa_baraza

Shukrani sana Bi Shufaa, na fundi pia. Tunaweza kuweka skripti (programu ndogo) ya mlinzi imtoe mtu asiye na nguo yenyewe, ili msimamizi asiingie kwenye aibu hiyo? Na hizo nguo za bure, tulifikiria kanga.

fundi_meshi

Skripti haiwezi, mkuu. Inaweza kusoma orodha ya vitu vilivyoambatishwa mwilini, lakini haijui kama kitu fulani ni gauni au ni mkufu, na nguo za tabaka haizioni kabisa. Ukiipa kazi hiyo itamtoa aliyevaa na kumwacha aliye uchi. Hii ni kazi ya mtu.

Msimamizi afuate mpangilio huu. Kwanza amuulize msimamizi mwenzake kwa ujumbe wa faragha anaona nini. Wakitofautiana, ni suala la kupakia, asubiri. Wakikubaliana, amwandikie mgeni kwa faragha, kamwe si kwenye mazungumzo ya wazi, ambayo husikika mita 20 kuzunguka, yaani ukumbi mzima. Maneno yawe mafupi: "Karibu. Kwetu nguo zako hazionekani. Bonyeza Ctrl+Alt+R, kisha utuambie." Vitufe hivyo vinaifanya picha ya ngozi na tabaka zake itengenezwe upya. Isiposaidia, ampe nguo za mlangoni na dakika tano. Baada ya hapo ndipo atumie amri ya kumtoa, na kumpiga marufuku iwe kwa anayerudi akiwa vilevile.

Pia wekeni mahali pa kufikia kwenye kijumba kidogo cha mbele, si katikati ya ukumbi. Mtu anatua humo, nguo zake zinapakia, anaokota kanga kama anahitaji, ndipo anaingia. Ila msidhani ukuta unamsitiri anayebadilisha nguo: kamera ya mtu yeyote hupita ukutani.

msusi_wa_kanga

Nidakie hapo kwenye kanga, maana nimeona nyingi zimeharibika kwa kosa lilelile.

Kanga halisi ni pana kuliko kimo chake, kama sentimita 150 kwa 110. Ukiipakia kama picha ya mraba ya 1024 kwa 1024, ambayo ada yake ni L$10 (sarafu ya humo), mji, yaani sehemu ya kati, unabanwa na maandishi ya jina yanakonda. Rudisha uwiano kwenye mipangilio ya uso wa kitu, au chora jina kwa herufi pana kidogo tangu mwanzo.

Usiitengeneze kama sketi ya tabaka. Tabaka lina mshono ubavuni, na pindo likifika hapo linakatika: upande mmoja unaona maua, upande wa pili mistari imeshuka kwa kidole kizima. Mtu aliyekulia na kanga ataliona kabla hujamaliza kumsalimia. Tafuta kiolezo cha meshi cha kitambaa cha kujifunga, chenye leseni ya kurekebishwa, kilichonyooshwa kama kipande kimoja. Pindo lizunguke pande zote nne, na jina likae ndani ya mji, juu ya pindo la chini, lisomeke mvaaji akiwa amegeuka.

Saizi ni lazima zifuate miili. Weka za miili ya meshi iitwayo Maitreya, Legacy na Reborn kwa wanawake. Kwa wanaume kikoi cha mwili wa Legacy na cha mwili wa Jake. Mwenye mwili mwingine mpe kanga isiyofuata mwili, ya kuambatisha kiunoni na kuirekebisha kwa mkono. Atembeapo itapishana kidogo na mapaja, ndiyo maana zile chupi za tabaka za fundi nazo ziwe sandukuni.

Kabla ya kuweka sanduku mlangoni, kagua ruhusa za kila kitu kilichomo, kimoja kimoja. Kisicho na ruhusa ya kunakiliwa kinatoka na mgeni wa kwanza, na wa pili anapokea sanduku lenye pengo.