Mjadala: Wakongwe wa WWE wanaposhuka NXT, mwenyeji anapona?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Kila nyota wa Raw au SmackDown, vipindi vikuu vya kampuni ya mieleka ya WWE, anapotokea NXT, kipindi chao cha vijana, mashabiki wanagawanyika. Wengine wanashangilia, wengine wanasema vijana wameporwa nafasi. Msimamo wangu ni huu: mkongwe aje, hata mkanda achukue, ila asiondoke kabla kijana wa palepale hajamlaza na refa akahesabu tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asipopona, huyo mgeni alikuja kula tu.

Nimekitazama upya kipindi cha NXT cha Oktoba 10, 2023. Carmelo Hayes alipambana na Bron Breakker, wote vijana wa NXT. Mkongwe John Cena alisimama upande wa Hayes, mkongwe Paul Heyman upande wa Breakker. Pambano lilikuwa tamu na Hayes akashinda. Kisha kengele ikalia, Undertaker akaingia na pikipiki, akamkaba Breakker shingoni na kumbwaga. Ukumbi ulilipuka, na hata mimi nilisimama. Lakini kesho yake watu walikuwa wanazungumzia nini? Undertaker, mtu aliyekwisha kuagwa rasmi mwaka 2020. Ushindi wa Hayes ulifunikwa usiku uleule aliotakiwa kung'aa.

Sababu ya msafara ule inajulikana. AEW, kampuni pinzani ya mieleka, walikuwa wamehamishia kipindi chao cha Dynamite Jumanne hiyo, siku ya NXT, na WWE wakatoa silaha zote. NXT ilipata watazamaji wapatao 921,000, Dynamite 609,000. Kama vita ya televisheni, walishinda. Ila NXT ilipofanywa jukwaa la mafunzo mwaka 2012 ikichukua nafasi ya FCW, jukwaa la vijana lililoitangulia, na kituo cha mazoezi kikafunguliwa Orlando mwaka uliofuata, kazi yake ilikuwa kuwaivisha wanamieleka wachanga mbele ya watu. Kazi hiyo ina kipimo chake, nacho si idadi ya televisheni zilizowashwa.

Sasa nije kwenye kidonda changu. Rhea Ripley aliupata mkanda wa wanawake wa NXT Desemba 2019. Alikuwa na miaka 23, na ukimtazama unaona kabisa kwamba huyu ndiye anayefuata. Mkongwe Charlotte Flair akashinda Royal Rumble ya 2020, pambano ambalo mshindi huchagua bingwa wa kumkabili, akamchagua Rhea, na kwenye WrestleMania 36, onyesho kubwa la mwaka la WWE, akamnyang'anya mkanda. Mechi ile ilifanyika ndani ya kituo chenyewe cha mazoezi, bila mtazamaji hata mmoja kwa sababu ya korona. Nyumbani kwake, viti vitupu, na mgeni anaondoka na mkanda ambao alikwisha kuuvaa tangu 2014.

Hapo bado ningevumilia. Kilichonivunja moyo ni Juni 2020. Mechi ya watu watatu: Charlotte, Rhea na Io Shirai, ambaye leo anaitwa Iyo Sky. Charlotte akiwa amembana Rhea miguu, Io akarukia juu yake na kumlaza. Aliyehesabiwa tatu ni Rhea! Safari ile Charlotte akaondoka NXT mabega yake hayajagusa turubai kwa ajili ya mkanda ule. Io alipata mkanda bila kupata sifa ya kumwangusha malkia, na Rhea akabeba hasara mara mbili. Sote tunajua matokeo ya mieleka hii hupangwa kabla. Ndiyo maana inauma: kuna watu walikaa mezani, wakaliangalia jambo hili, wakaona linafaa.

Linganisha na mkongwe mwingine, Becky Lynch. Septemba 12, 2023 alimnyang'anya kijana Tiffany Stratton mkanda huohuo, na nakiri siku ile nilinung'unika. Lakini hakuondoka. Akarudiana na Tiffany kwenye No Mercy mwishoni mwa mwezi, mechi ya kutumia viti na fimbo, na pale ndipo nilipoona shule kwa macho yangu. Kijana ambaye hajamaliza hata miaka miwili ulingoni hukimbilia mbinu inayofuata kabla watazamaji hawajapumua. Becky alimpunguza mwendo. Akamwacha alale chini kidogo zaidi, akauacha ukumbi uingiwe na hofu, ndipo akanyanyuka. Hilo mwalimu hawezi kulifundisha kwenye ukumbi mtupu wa mazoezi. Lazima mtu mzoefu awe mikononi mwako, na watu wawe wanapiga kelele. Tiffany alishindwa, lakini alitoka pale akiwa mwanamieleka mwingine. Januari 2025 alikuwa bingwa wa SmackDown.

Kisha Oktoba 24, baada ya siku 42, Becky akalazwa na Lyra Valkyria, kijana wa NXT, katikati ya ulingo, bila mtu wa tatu wa kumbebesha lawama. Lyra akatoka pale na sentensi ambayo hakuna anayeweza kumfutia: nilimshinda Becky Lynch. Mkongwe Dolph Ziggler naye alifanya hivyo mwaka 2022, akachukua mkanda wa wanaume wa NXT Machi na kuurudisha kwa Breakker Aprili.

Kuna hoja mbili ninazorushiwa kila ninapolisema hili.

Ya kwanza: Rhea si alifika tu? Kweli, Aprili 2023 alimshinda Charlotte WrestleMania 39 na leo ni mmoja wa wakubwa kabisa. Lakini deni la 2020 lililipwa miaka mitatu baadaye, tena nje ya NXT. Kipaji cha Rhea kilivuka shimo lile. Hatuwezi kulisifu shimo kwa sababu mtu mmoja mwenye miguu mirefu aliliruka.

Ya pili ni nzito zaidi: bila majina makubwa, nani atatazama vijana wasiojulikana kwa saa mbili? Tangu NXT iingie USA Network mwaka 2019, na sasa The CW tangu Oktoba 2024, kipindi lazima kiuzike. Nakubali. Lakini mtazame Oba Femi, Mnigeria aliyekuwa mrusha tufe wa chuo kikuu. Januari 2024 alichukua mkanda wa Amerika Kaskazini, akakaa nao siku 273, na watu walikuwa wanafungua televisheni kumtazama yeye. Walimpa muda tu, na ushindi.

Kwa hiyo nawauliza mnaotetea uamuzi wa Juni 2020: kama Io ndiye aliyekuwa anaandaliwa, kwa nini hamkutaka aliyelala chini awe Charlotte?