Mafundi wa kompyuta Mwanza, acheni kupiga Windows juu ya RAM ambayo haijapimwa

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitabembeleza mtu.

Mchezo tunaujua wote. Mteja anaagiza desktop ya kurenda video za harusi au ya kuchezea geimu. Fundi anachomeka RAM, anaingia BIOS (mipangilio ya ndani ya bodi), anawasha XMP (kitufe cha kuongeza kasi ya RAM), Windows inafunguka, geimu inachezwa kidogo, kisha "bosi, chuma kipo fresh kabisa". Wiki haiishi, skrini ya bluu. Mashine inarudishwa dukani, inapigwa Windows upya, mteja analipa. Skrini ya bluu tena. Eti Windows ya kwanza ilikuwa na virusi, inapigwa nyingine, mteja analipa tena. Katika mzunguko wote huo hakuna aliyechomeka flashi ya Memtest, programu ya kupima RAM, hata kwa bahati mbaya. Kuanzia katikati ya mji hadi Buzuruga na Igoma, wimbo ni huohuo.

Hivi XMP mnajua ni nini? RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 CL16 kwenye kibandiko (3200 ni kasi, CL16 ni mipigo ya kusubiri kabla ya kujibu), ukiichomeka bila kugusa kitu, mara nyingi inaamka kwa 2133, 2400 au 2666, kwa volti 1.2. Hizo ndizo kasi za kawaida za JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya RAM. Ile 3200 ya CL16 kwa volti 1.35 ni kasi ya kuongezwa. Aliyeitengeneza RAM ameijaribu kwenye bodi zake na prosesa zake, lakini kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa ya mteja wako, na hicho hakuna aliyekujaribia. Ukibonyeza XMP umeshavuka kiwango, hata kama ni kitufe kimoja tu. Kazi ya kuthibitisha inaanzia hapo, na ninyi ndipo mnapomalizia.

Halafu kuna ugonjwa wa kuchanganya. 8GB moja ni 3200 CL16, nyingine ni ya kampuni tofauti, 2666 CL19. Mtu anawasha XMP ya ile ya kwanza, na ya pili inaburuzwa kwenye kasi ambayo haijawahi kuahidi. Hata RAM mbili zenye jina moja na namba moja, zikitoka kwenye mizigo tofauti, ndani zinaweza kuwa na chipu tofauti. Ndiyo maana zinauzwa jozi kwenye pakiti moja. Ninyi mnafungua pakiti mnauza mojamoja, baadaye mnamuungia mtu mabaki mawili na kumwambia ni jozi. Huo ni wizi.

Watu wanadhani RAM yenye kasoro lazima ilete skrini ya bluu. Laiti ingekuwa hivyo. Biti moja ikigeuka mahali ambapo Windows haina habari napo, faili linaandikwa kwenye diski likiwa tayari limeharibika. Zip inagoma kufunguka, kurasa za kivinjari zinajifunga, video iliyorendwa usiku kucha inatoka na michirizi. Na skrini ya bluu ikija, leo inasema MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Sababu zikirukaruka namna hiyo, shuku RAM kabla ya kushuku Windows. Maana hata hiyo Windows mnayopiga upya, mafaili yake yanapita kwenye RAM hiyohiyo kabla ya kufika kwenye diski. Ni kupaka rangi mtumbwi unaovuja.

Sasa kazi inavyotakiwa kufanywa. Chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 au tumia pini za kufuta CMOS, rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani. XMP izimwe. RAM zikiwa mbili kwenye bodi ya sloti nne, zikae ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, zile zilizoandikwa A2 na B2. Nashangaa hadi leo nakuta zimebanana A1 na A2, halafu mtu analalamika mashine nzito. Weka Memtest86+ kwenye flashi (toleo la 6 kuendelea linakubali UEFI, yaani BIOS za kisasa, likigoma kuwaka, zima Secure Boot kwanza), iache izunguke angalau mara nne. Msione mzunguko mmoja umepita mkachomoa, wa kwanza huwa mfupi kwa makusudi. Kwa 16GB ni saa kadhaa. Ile programu ya kupima RAM inayokuja na Windows ni nyepesi mno. Ikikuta kosa iaminini, isipokuta msiitumie kama ushahidi.

Kosa moja ni kufeli. Sijali kama limetokea mzunguko wa nne saa tisa usiku.

Na mstari mwekundu ukitokea msikimbilie kuzima, usomeni. Programu inaonyesha anwani, thamani iliyotarajiwa na iliyopatikana. Tuseme ilitarajiwa ffffffff ikapatikana fffffffb: hapo ni biti moja tu imeanguka. Biti hiyohiyo ikirudia kwenye anwani zilizo jirani, hata kwa kasi ya kawaida, chipu imekufa na hakuna mpangilio utakaoifufua. Makosa yakiwa yametawanyika, biti tofauti anwani tofauti, na yanakuja mashine ikishapata joto, mara nyingi shida ni kasi, volti au namba za muda wa RAM (kama ile CL16).

Ikifeli kwenye kasi ya kawaida, pima RAM mojamoja kwenye sloti ileile, kisha hamisha ile iliyofeli sloti nyingine. Kosa likiifuata RAM, RAM ni mbovu. Likibaki kwenye sloti, safisha meno ya RAM kwa ufutio laini na spiriti, puliza sloti, kagua pini za soketi ya prosesa, na legeza kipozeo ukifunge upya kwa kukaza skrubu kimshazari. Kwenye soketi za Intel, kipozeo kilichokazwa upande mmoja kinaweza kuipoteza chaneli nzima ya RAM, na fundi akabaki anauza bodi nyingine bure.

Ikipita ndipo uwashe XMP na uanze upya: Memtest, kisha ndani ya Windows programu za kuikaba mashine, TestMem5 na Prime95 kwenye chaguo la Large FFTs. Kwa nini vyote? Kwa sababu Memtest inafanya kazi kadi ya grafiki ikiwa imelala na kasha likiwa la baridi. Mashine ikianza kurenda, kadi inamwaga joto ndani ya kasha, RAM inapanda, na RAM yenye joto inapoteza chaji haraka zaidi kabla haijajazwa upya. Iliyopimwa asubuhi dukani kwenye feni ya dari itafeli mchana chini ya bati lisilo na dari. Na wenye mashine karibu na dirisha kule Kirumba au Igombe wanajua wale wadudu wa ziwani wanavyofuata taa: wakivutwa na feni wanaziba mapezi ya kipozeo kama blanketi. Fungueni kasha kabla ya kulaumu mipangilio.

XMP ikifeli, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Shusha 3200 hadi 3000 au 2933 na kuacha namba nyingine zilivyo, au legeza zile namba nne za muda, 16-18-18-38 ziwe 18-20-20-40, au weka 2T badala ya 1T (mipigo ya kusubiri amri). Pima tena. Ukigusa vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya. Kwa Ryzen za AM4 (soketi ya AMD), FCLK, yaani mpigo wa njia za ndani ya prosesa, iwe nusu ya kasi ya RAM: 3200 kwa 1600, 3600 kwa 1800. Na msijaze sloti nne mkategemea miujiza. Kwa Ryzen 3000, AMD wenyewe wanaahidi 3200 kwa RAM mbili. Zikiwa nne za safu mbili (dual rank), ahadi inashuka hadi 2667.

Prosesa nayo ina uchafu wake. Siku hizi "kutyuni" kumekuwa biashara: mtu anaweka Curve Optimizer (mpangilio wa AMD wa kupunguza volti) hasi 30 kwenye kore zote, anapiga Cinebench (kipimo cha kasi), alama zimepanda, lipia. Kore zote zikifanya kazi pamoja kasi haifiki juu kabisa, kwa hiyo volti iliyopunguzwa inatosha. Balaa linakuja mteja akifungua kivinjari tu: kore moja inaruka hadi kilele cha kasi, volti haitoshi, mashine inajizima na kujiwasha. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta WHEA-Logger namba 18, yaani kosa la kifaa. Pima kwa CoreCycler, inayokaba kore mojamoja, na kila kore ipewe namba yake. Iliyofeli irudishwe nyuma hatua chache. Wakati huo RAM iwe kwenye kasi ya kawaida, la sivyo hujui unampima nani. Prime95 ikiandika "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", hesabu imekosewa hata kama mashine haijaganda. Msiibonyeze kuiendeleza.

Wauzaji wa Intel Core za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, ninyi ndio mnanikera kuliko wote. Intel walitoa mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024 kwa sababu ya volti kupanda kupita kiasi, na walisema wazi kwamba prosesa iliyokwisha kuumia haiponi kwa kuongezewa mikrokodi. Dalili mojawapo ni geimu kulalamika kuwa kumbukumbu ya video imeisha, na fundi anambadilishia mtu kadi ya grafiki nzima! Sasisheni BIOS kabla ya kuuza, mashine ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi nyingi ndiyo basi tena.

Mashine ikizimika kimya bila kosa lolote isipokuwa Kernel-Power 41, hiyo 41 inasema tu kwamba ilizimika vibaya, haisemi kwa nini. Angalieni pawa saplai: laini ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6 ikiwa imebeba mzigo. Pawa saplai za bei ya chee zinazokuja na kasha, sitaki hata kuziongelea.

Ninachodai: mashine ikitoka dukani na XMP imewashwa, iwe na picha ya Memtest ikionyesha kasi na mizunguko iliyopita, na kwenye risiti iandikwe kasi, volti na zile namba nne. Hamjapima? Iuzwe kwa kasi ya JEDEC, na mseme hivyo.

Nyegezi_Kwetu: Mkuu umetema nyongo, lakini mteja anakwambia anawahi meli ya Nansio jioni. Hizo saa kadhaa za Memtest nazitoa wapi? Na hakuna anayelipia kupimiwa.

Mleta uzi: Kaka, kuchomeka flashi ni dakika mbili, na skrini unaihamishia mashine nyingine. Mashine tano na flashi tano zinapimwa usiku mmoja wewe ukiwa umelala. Wa Nansio mpe kwa 2666 XMP ikiwa imezimwa, mwambie ukweli, siku akirudi mjini aiache ilale dukani. Kurenda kwake kutachelewa kidogo, mafaili yake yatakuwa salama. Ninyi mnaokubali kupiga Windows mara tatu, muda huo mnautoa wapi?

MzeeWaSoketi: Niongezee kwa upande wa AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, maana zimeanza kuingia. Ukichomeka DDR5 mara ya kwanza, au ukifuta CMOS, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa bodi ikijipanga na RAM. Msizime! Nimeona bodi zinarudishwa kwa muuzaji eti zimekufa. Ryzen 7000 inaahidi 5200 kwa RAM mbili, zikiwa nne ni 3600, kwa hiyo atakayewasha 6000 na RAM nne asimwahidi mteja. Volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) isizidi 1.3, AMD waliweka kikomo hicho mwaka 2023 baada ya prosesa za X3D kuungua. Bodi yenye BIOS ya kabla ya hapo isasishwe kwanza, EXPO (XMP ya AMD) baadaye.

Nyegezi_Kwetu: Sawa wakuu. Na mteja akifungua CPU-Z, ile programu inayoonyesha vipimo vya mashine, akaona 1600 wakati nimemuuzia 3200?

Mleta uzi: Yuko sawa na wewe uko sawa. DDR inasafirisha data mara mbili kwa kila mpigo, kwa hiyo 1600 pale ni 3200 ya kwenye kibandiko. Akiona 1066, hapo akudai, XMP haijawashwa.