"Ni kama kubadilisha siti kwenye daladala": yule jamaa wa skafu atamaliza watoto wa watu!

Mchonga Penseli (mwanzisha uzi)
Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule mshauri wa vyuo vya Marekani, mnamjua, wa skafu shingoni kwenye joto la Dar, jana kamwambia mama wa watu mbele ya ukumbi mzima: "Mjazie mtoto Falsafa, akishafika atahamia kompyuta. Ni kama kubadilisha siti kwenye daladala." Mama akauliza hilo limeandikwa wapi. Akajibiwa kwa kipaza sauti: "Mama, wewe kompyuta umesomea wapi?" Ukumbi ukacheka. Ukacheka!

Siti kwenye daladala! Chuo Kikuu cha Washington, kile cha Seattle, kompyuta unaichagua siku ya kuomba. Ukiingilia mlango mwingine, nafasi za kuhamia ni adimu kuliko mvua ya Dodoma. Berkeley nao, tangu walioingia 2023, unaichagua kwenye fomu. Ukitaka kuhamia baadaye unaomba na kupimwa upya, na hakuna anayekuahidi kitu. Carnegie Mellon unaomba moja kwa moja shule yao ya sayansi ya kompyuta. Mtoto analipiwa zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, amekaa na Aristotle anasubiri konda amwambie sogea!

"Umesomea wapi." Kwa mama aliyemlipa milioni tatu!

Na hizo milioni tatu ni za nini? Tuisheni ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, eti ya kuingilia Berkeley. Vyuo vya UC, yaani Chuo Kikuu cha California, Berkeley ikiwemo, havitazami SAT wakati wa kuchagua, hata uwe na alama zote 1600. Kinachosomwa ni maswali yao manane: unajibu manne, kila jibu lisizidi maneno 350. Hayo hakuyagusa. Alikuwa kwenye daladala.

Bibi Kizimkazi
Milioni tatu zimetoka bila mtu kufungua tovuti ya chuo, halafu kosa ni la skafu? Fomu ya UC kwa mgeni kutoka nje ya Marekani ni dola 95 kila chuo, na msamaha wa ada hiyo mgeni hapewi. Hata hilo lilihitaji mshauri?

Gogo la Mnazi
Mleta uzi, punguza jazba. MIT, kile chuo cha teknolojia cha Massachusetts, unaingia bila kozi, unachagua mwisho wa mwaka wa kwanza, kompyuta ikiwemo. Stanford nako huingii kwa kozi. Siti za kuhama zipo, umezificha.

Mchonga Penseli
Gogo, huko basi Falsafa ni ya nini? Anayehama siti ni aliyekwisha kupanda! MIT katika wageni mia wanaoomba wanapita kama wawili. Na bado mama wa watu kaulizwa amesomea wapi!

Kiberiti
Mnapigania kozi, kinachoua ni pesa. Stanford mgeni akiomba msaada wa fedha, ombi hilo linapimwa pamoja na yeye. Asipoomba mwanzoni, hawezi kuomba baadaye. MIT, Harvard, Yale na Princeton wanachagua bila kutazama mfuko, na ukipita wanajazia pengo la ada. Carnegie Mellon mgeni wa shahada ya kwanza hapati hata senti ya msaada. Jamaa anawaambia wazazi "jazeni hamhitaji msaada, tutajua mbele". Mbele wapi?

Mama Ntilie wa Data
Na barua za walimu za kumpendekeza mtoto je? Anafungua barua pepe kwa jina la mwalimu, anaandika mwenyewe, watoto watano barua moja neno kwa neno. MIT wanataka mbili: ya mwalimu wa hesabu au sayansi, na ya mwalimu wa lugha au masomo ya jamii. Ikigundulika, anayefutwa ni mtoto.

Gogo la Mnazi
Walimu wenyewe wanataka elfu hamsini kwa barua. Hao hamuwasemi.

Bibi Kizimkazi
Na makarani wa shule wanaokalia matokeo yenye muhuri mpaka Januari mosi, siku ya mwisho ya kuomba vyuo kadhaa, inapita!

Jirani wa Buyenzi
Nyinyi mna daladala gani ya kugombania? Viza za wanafunzi Marekani imetusimamishia sisi Warundi tangu 9 Juni 2025, nanyi Watanzania tangu 1 Januari 2026. Barua ya kukubaliwa unayo mkononi, huendi popote.

Kiberiti
Pole sana, jirani. Na ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, ukinyimwa viza hairudi. Ya viza yenyewe, 185, nayo hairudi.

Mchonga Penseli
Wakuu, turudini kwa yule mama.

Mama Ntilie wa Data
Kiberiti umenikumbusha wale vijana wa steshenari wanaotoza laki kujaza DS-160, fomu ya kuombea viza ambayo kuijaza ni bure! Picha wanapiga kwenye ukuta wa kijani. Inatakiwa mandhari nyeupe, bila miwani, ya mraba, pikseli 600 kwa 600 kwenda juu. Mfumo unaikataa, wanadai elfu kumi nyingine.

Gogo la Mnazi
Wale wa karibu na stendi? Hata cheti cha kuzaliwa wanakiskani kichwa chini.