Mrejesho: onyesho la watu wawili darasa la uigizaji

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri hapa kuhusu onyesho la Juma na Kitaru kutoka tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein: mistari tumeikariri yote, lakini tukisimama mbele ya darasa tunaonekana kama tunasomeana risala. Tumeshaonyesha, na nawashukuru sana mliojibu.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni ule ushauri wa kuweka karatasi chini kwanza na kuulizana kila mhusika anataka nini kwa mwenzake. Kisha tukaandika kitenzi pembeni ya kila sentensi: anamchokoza, anamkwepa, anamtega. Urafiki wa hawa wawili una ufa wa kitabaka, familia moja imeporomoka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na nyingine inapanda, kwa hiyo hata utani wao una kitu ndani. Mwenzangu aliponikwepa macho kwenye neno moja tu, sauti yangu ilishuka yenyewe, wala hatukupanga.

Kutamka mistari mbiombio huku tukirushiana mpira nako kumefanya kazi. Yale mapengo kati ya sentensi yameisha. Kubadilishana nafasi hakukutusaidia, kulituchanganyia mistari tukaacha. Mwisho wa onyesho bado unadorora. Mwalimu anasema tunamaliza sisi kabla ya wahusika kumaliza, na kipande hicho tutakirudia wiki ijayo.

Dada uliyeshauri viti viwili tu jukwaani, ubarikiwe. Vilitosha kabisa.