Tupeane uzoefu: diski ya kompyuta imejaa, wewe nafasi uliipata wapi?

Wadau wa Dodoma na Kanda ya Kati, salaam. Nina steshenari karibu na UDOM. Msimu wa kuwasilisha ripoti za utafiti, wanafunzi wananiletea kompyuta mpakato ambazo diski C imeshakuwa nyekundu na Word imegoma kuhifadhi. Wengi wanakuwa wameshaanza kufuta nyaraka, na hilo linaniuma, kwa sababu ripoti nzima mara nyingi ni MB chache tu. Filamu moja inaweza kula GB 2.

Mimi naanza na vikubwa. Nafungua File Explorer, naingia diski C, kwenye kisanduku cha kutafutia naandika size:>1GB, nasubiri. Orodha ikitoka tunaipitia na mwenye mashine, faili moja baada ya jingine. Lililo ndani ya folda ya Windows hatuligusi. Juzi binti mmoja tumemkuta na video za vipindi vya darasani alizorekodi mwaka wa kwanza, hata alishazisahau. Tukazihamishia kwenye diski ya nje, kompyuta ikapumua. Ripoti yake haikuguswa.

Nyie je?

Mdau wa Nkuhungu
Downloads! PDF ileile imeshushwa mara nne, ina (1), (2), (3) mwishoni. Na programu ulizokwisha kusakinisha, mafaili yake ya kusakinishia bado yamekaa humo.

Mwalimu, Kondoa
Yangu ilijaa baada ya kuhama Windows 10 kwenda 11. Mfumo wa zamani unabaki kwenye folda inayoitwa Windows.old, GB nyingi tu. Ingia Settings, System, Storage, halafu Temporary files, utie tiki kwenye Previous Windows installation(s). Ukiiacha, Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10. Ila ukishaifuta, kurudi kwenye toleo la zamani ndiyo basi, kwa hiyo hakikisha kwanza printa na programu zako zote zinafanya kazi. Watu wanashauri kupandisha kila kitu Google Drive. Kwa bando la mwalimu, hapana.

Mhasibu, Singida
Shikamoo Mwalimu. Mimi natumia WinDirStat, ni ya bure. Inachora diski yote kwa vibox vya rangi, faili kubwa lina kibox kikubwa. Huko ndiko nilikoliona hiberfil.sys. Hilo usilifute kwa mkono. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, linaondoka lenyewe. Lakini kama umeme wa kwenu unakatika ovyo na betri imechoka, liache: ndilo linalotunza kazi yako mashine inapojizima kwa hibernate.

Mdau wa Mpwapwa
Jamani, mimi nimefuta filamu zote na nafasi haijaongezeka hata kidogo.

Mwenye steshenari
Ndugu yangu, bado ziko Recycle Bin, na humo zinaendelea kula nafasi. Ipitie kwanza, ukiridhika bofya Empty Recycle Bin. Na tahadhari: faili ukilifuta kwenye flashi haliendi huko, linaondoka moja kwa moja. Mhasibu, ahsante kwa WinDirStat, kesho naiweka kwenye mashine ya dukani. Mwenye uzoefu wa picha na video za WhatsApp ya kwenye kompyuta atuwekee hapa, hizo wanafunzi wananiuliza kila siku.