Mjadala: Kabla ya kuongeza faini kwa dereva asiyepisha ambulansi, tupunguze ving'ora

Wadau, naomba tulijadili hili waziwazi, na mwenye hoja tofauti aje nayo. Kila ikizunguka video ya gari la wagonjwa lililokwama kwenye foleni ya Dar es Salaam, majibu ni yaleyale: madereva hawana utu, faini iongezwe, wanyang'anywe leseni. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kupisha gari la dharura si jambo geni kwa dereva yeyote aliyepita chuo cha udereva. Kila mtu anajua anatakiwa apishe. Mimi nasema wengi hawapishi kwa sababu wameacha kukiamini king'ora, na waliokivunjia heshima si wao.

Niseme nilikotoka na msimamo huu. Miaka michache iliyopita, kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza kwenda Mbagala, wifi yangu alijifungua kwenye kituo kimoja cha afya kule kwetu, damu ikawa haikatiki. Ikaamuliwa apelekwe Muhimbili. Nilipanda naye nyuma. Ndoano ya kutundikia dripu ilikuwa imekatika, ikabidi niishike chupa juu ya kichwa kwa mkono, huku muuguzi akimsugua tumbo bila kupumzika na kumwita jina lake asilale. Wakunga hufundishwa kwamba damu ya namna ile inaweza kumaliza mtu ndani ya saa mbili. Sisi tulikuwa tumeshatumia dakika arobaini.

Kufika Mtoni kwa Aziz Ali tukasimama kabisa. King'ora kinalia, hakuna anayesogea. Kupitia kidirisha cha mbele nilimwona dereva wa gari dogo lililotutangulia akituangalia kwenye kioo chake cha pembeni, kisha akarudisha macho kwenye simu.

Aliyetutoa pale ni konda wa daladala. Alishuka, akaja kuchungulia dirishani kwetu, akarudi mbio akipiga bodi la gari lake kwa kiganja: "Suka, panda kingo! Kuna mgonjwa kweli humu, nimemwona!" Daladala likapanda kingo. Bodaboda wawili wakatangulia wakigonga vioo vya magari, na wao wanasema vilevile: kuna mgonjwa kweli. Njia ikafunguka mpaka Uhasibu.

Wifi alipona, mtoto yuko shule. Lakini lile neno "kweli" limenikaa. Ina maana watu wale wote walikuwa wakisikia king'ora na kudhani ni cha uongo. Walipohakikishiwa kuna mtu anakufa, walipisha, tena kwa kuharibu tairi zao kwenye kingo. Hao ndio tunaowaita hawana utu?

Tukumbuke dereva wa jiji hili anasikia ving'ora vya nani kwa wiki. Anasimamishwa kupisha msafara, anazima injini, anasubiri, magari yanapita kama upepo, halafu anasubiri tena. Kesho yake anawekwa pembeni na gari moja jeusi lenye vimulimuli ambalo hajui ni la nani. Keshokutwa ni mtu binafsi aliyenunua king'ora na kukifunga kwenye gari lake ili akwepe foleni. Polisi wenyewe wamewahi kutangaza operesheni za kung'oa ving'ora na vimulimuli visivyo na kibali, maana yake tatizo wanalijua. Siku ya nne ndipo linapokuja gari la wagonjwa, na sauti ni ileile.

Najua litakalojibiwa hapa: kiongozi ana usalama wake, hawezi kukaa kwenye foleni kama mimi. Kwa viongozi wachache wa juu kabisa nakubali, na barabara ifungwe ikibidi. Sikubali kwa kila mwenye cheo anayewahi kufungua semina. Akichelewa, wageni waliokaa ukumbini watakunywa maji na kusubiri. Wifi yangu hakuwa na cha kusubiria. Pendekezo langu ni hili: king'ora kibaki kwa gari la wagonjwa, zimamoto na polisi aliye kwenye tukio. Wengine wote waondolewe, na kazi hiyo ianze na magari ya serikali.

Wengine watasema tuige Ujerumani kwenye faini. Kweli, kule tangu 2017 asiyeacha njia ya uokoaji anaanzia yuro 200. Lakini tuangalie na kilicho kabla ya faini. Sheria yao inamwambia dereva aende wapi: magari ya mstari mmoja yanabana upande wao, ya mstari mwingine yanabana upande wao, katikati panabaki uchochoro. Tena wanafanya hivyo foleni inapoanza kuwa nzito, king'ora hakijasikika bado. Kwetu tunaambiwa "pisha" basi. Mmoja anaenda kushoto, wa nyuma yake anaenda kulia, wa tatu anafunga breki katikati ya njia kwa kuchanganyikiwa, na gari la wagonjwa linabaki nyuma ya huyo wa tatu. Barabara ya Kilwa, tuliyokwama siku ile, ina njia mbili kila upande. Uchochoro wa namna hiyo unawezekana kabisa kama ungefundishwa vyuo vya udereva na trafiki wakausimamia.

Na kuna wa kupigwa faini leo hii, sheria ikiwa hivihivi ilivyo: wanaounga mkia. Siku ile njia ilipofunguka, niligeuka nikaona magari manne yametufuata kwa kasi, yamewasha taa, kana kwamba nayo yana wagonjwa. Konda yule alipandisha gari kwenye kingo kwa ajili ya wifi yangu, wao wakapita kwenye nafasi yake. Hawa wanawafundisha waliopisha kwamba kupisha ni ujinga. Kama kuna kundi moja la kuanza nalo, ni hili.

Kitu kinachonisumbua zaidi, na hapa nahitaji mawazo yenu, ni magari yasiyo na king'ora kabisa. Mpango wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, unatumia pia madereva wa kawaida wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Mwaka 2022 ulizinduliwa kitaifa ili usambazwe nchi nzima. Vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na siamini tutashuka zaidi bila magari hayo. Lakini teksi iliyobeba mama anayetoka damu, imewasha taa zote na mtu anapunga khanga dirishani, barabarani haina haki yoyote. Tukiipa king'ora, tunaongeza kelele ileile ninayoilalamikia. Tukiinyima, tunamwacha mama kwenye foleni.

Nimefikiria stika kubwa ya rangi moja nchi nzima, ya kubandika na kubandua, inayotolewa na kituo kinachopokea simu za 115. Sijaridhika nayo, itaghushiwa. Madereva wa daladala, bodaboda na nyie mnaoendesha magari ya wagonjwa, ninyi ndio mko barabarani kila siku: ni alama gani mkiiona leo mtaiamini, bila mtu kushuka na kuchungulia dirishani?